Je, Wajua? Kizito Si Lazima Kiwe Imara: Gitaa na Vyombo Vyake Safarini

Mpiga gitaa anayeishi Kalangalala, kata iliyo katikati ya mji wa Geita, hafanyi kazi mahali pamoja. Leo ana harusi Katoro, kesho ana ibada mjini, wiki ijayo ana sherehe kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, kisha Sengerema, Kahama au Shinyanga. Akienda Mwanza, tangu Juni 2025 anavuka ziwa kwa daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, mahali ambapo kwa miaka mingi abiria walingoja kivuko. Vyombo vyake hupakiwa kwenye bodaboda, husukumwa ndani ya buti la basi, au hulala chini ya magunia ya mchele.

Kwa hiyo swali la uzito na uimara linamhusu kila siku. Kizito kinamchosha na kumwongezea nauli, na chepesi anahofia kitavunjika. Wengi humaliza swali hilo kwa imani moja tu, kwamba chombo kizito ndicho imara. Mambo yafuatayo yanaonyesha kwa nini imani hiyo inawapotezea wanamuziki fedha na vyombo.

Dhahabu ni nzito kupindukia, na ni laini

Geita inaishi kwa dhahabu, na dhahabu yenyewe ndiyo inayotoa somo la kwanza. Lita moja ya dhahabu ina uzito wa kilo 19.3, ilhali lita moja ya chuma haifiki kilo 8. Hata hivyo dhahabu safi ni laini mno, na ndiyo maana sonara huichanganya na shaba au fedha ili pete isipinde wala kukwaruzika upesi.

Kwenye vyombo vya gitaa, dhahabu haitumiki kwa ajili ya nguvu. Inatumika kwa sababu haishiki kutu. Baadhi ya plagi za waya hupakwa utando wake mwembamba sana ili umeme upite bila mikwaruzo. Vifungo vya kukazia nyuzi navyo wakati mwingine hupakwa dhahabu, lakini hapo jasho na vidole huuondoa utando huo polepole. Uzito ni sifa moja, ugumu ni nyingine, na kustahimili kutu ni ya tatu. Muuzaji akikusifia moja, muulize mbili zilizobaki.

Ubao wa milimita tatu unahimili mvuto wa kilo 70

Gitaa kavu lenye nyuzi za chuma za unene wa kawaida huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hadi 75. Ni kama mtu mzima aning'inie kwenye daraja la gitaa usiku na mchana. Ubao unaobeba nguvu hiyo una unene wa milimita 3 hivi tu.

Siri iko ndani ya tumbo la gitaa. Humo mna vijiti vyepesi vilivyogundishwa kwa umbo la herufi X, mtindo ulioanza Marekani katika miaka ya 1840 na unaohusishwa na karakana ya C.F. Martin. Fundi angeweza kuweka ubao mnene usiotetereka kabisa, lakini ubao huo usingetetemeka, na gitaa kavu lisilotetemeka halina sauti. Hapa wepesi ndio unaofanya kazi, na uimara unaongezwa palipo na mzigo pekee.

Gitaa zito ndilo linalovunjika kichwa

Gibson Les Paul, gitaa la umeme, iliingia sokoni mwaka 1952, na mara nyingi ina uzito wa kilo 4 au zaidi. Inaonekana haiwezi kudhurika, lakini mafundi duniani kote wanajua mahali inapokatikia, nyuma ya kichwa. Kichwa chake kimeinamishwa nyuma kwa digrii 17, ubao wa sehemu hiyo ni mwembamba, na umechimbwa kupisha chuma cha kunyooshea shingo. Gitaa likianguka chali, kichwa hutangulia kugusa sakafu, na uzito wote wa mwili unamalizia kazi.

Wabunifu wa kampuni ya Fender walichagua njia nyingine mwaka 1950. Kichwa chao kimekaa sambamba na shingo, shingo imetengenezwa kwa mti mgumu wa mepo, na inashikwa na mwili kwa skrubu 4. Gitaa la aina hiyo huwa na kilo 3.5 hivi. Likianguka, linapiga sakafu kwa nguvu ndogo zaidi, na shingo ikiharibika hubadilishwa kwa bisibisi. Jepesi hapa lina uimara wa aina mbili: halivunjiki ovyo, na likivunjika linatengenezeka.

Gitaa lililoahidi kutopasuka

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika Katanga. Mwenda alikuwa kijana mwenye gitaa kavu moja, akiimba kwa Kiswahili. Wimbo wake "Masanga" ulitoka kwenye santuri za Gallotone, lebo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Gallo hiyohiyo iliuza magitaa ya bei nafuu kwa jina la Gallotone. Mojawapo, Gallotone Champion, lilivuka bahari hadi Uingereza. John Lennon alikuwa nalo tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney jijini Liverpool. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani jijini London kwa zaidi ya pauni 100,000. Ndani ya tundu lake palikuwa na karatasi iliyomhakikishia mnunuzi kwamba gitaa halitapasuka.

Ahadi kama hiyo inawezekana kwa sababu ya mbao za tabaka, yaani plaiwudi. Ubao mmoja mzima hupungua upana unapokauka, na usipopata nafasi ya kupungua hupasuka kufuata nyuzinyuzi zake. Kwenye plaiwudi, kila tabaka hulazwa kinyume na la chini yake, hivyo ufa ukianza unakutana na tabaka linalouzuia. Hata magitaa ya Selmer ya Ufaransa, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1932 na kupendwa na mpiga gitaa Django Reinhardt, yalikuwa na migongo na mbavu za tabaka.

Ukanda wa Geita na Shinyanga una masika, vuli, na kiangazi kikavu kati ya Juni na Agosti. Gitaa la ubao mzima linapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na halipati utulivu huo katika chumba chenye bati na dirisha wazi. Plaiwudi hupunguza utamu wa sauti kidogo, lakini kwa mwanamuziki wa safari ni chaguo la heshima kabisa.

Mpingo huzama majini

Lita moja ya mpingo ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.3, ndiyo maana kipande chake hakielei. Viwanda vya Ulaya huutafuta kwa ajili ya klarineti na obo. Kwenye gitaa, mahali pake panapofaa ni ubao wa vidole, pale nyuzi zinapobanwa maelfu ya mara kwa saa. Kipande cha milimita chache huko huongeza gramu kidogo na kuzuia ubao kuchimbika.

Tofauti inakuja ukiutumia kwa gitaa zima. Mwili wa gitaa la umeme una mbao za ujazo wa lita 4 hivi. Ukiwa wa mpingo, utakuwa na karibu kilo 5 kabla hujaweka shingo wala pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi. Mninga, ambao maseremala wa Geita na Tabora wanautumia kwa milango na vitanda, una karibu nusu ya uzito huo, na sifa yake kubwa ni kutopindapinda unapokauka. Fundi mwenye busara huweka mpingo mahali panaposuguliwa, kisha huchagua mti mwepesi na mtulivu kwa sehemu iliyobaki.

Kuna gitaa lisilojali jua wala mvua

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Ned Steinberger aliuza gitaa la besi lisilo na kichwa, lililotengenezwa kwa nyuzi za kaboni na plastiki ngumu. Aliondoa ile sehemu inayovunjika, na uzito ukapungua pia. Huko Hawaii, ambako unyevu wa bahari huharibu magitaa ya mbao, kampuni ya RainSong ikatengeneza gitaa kavu la kaboni tupu. Kaboni haivimbi, haikauki, na joto la gari lililoegeshwa juani haliitishi kama linavyotisha gundi ya gitaa la mbao.

Kasoro zake ni mbili: bei, na matengenezo. Ufa wa ubao unazibwa na seremala yeyote makini mwenye gundi na vibanio, lakini ufa wa kaboni unataka mtu mwenye ujuzi maalumu na vifaa vyake.

Amplifaya moja ni mzigo wa mpagazi mmoja

Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kati ya kilo 27 na 32. Fender Twin Reverb, amplifaya ya gitaa inayoheshimika duniani, ina uzito wa kilo 29. Anayeibeba kwa mkono mmoja kutoka stendi anabeba mzigo ambao wapagazi waliuweka begani au kichwani kwa sababu nzuri.

Uzito mwingi wa amplifaya kama hiyo uko kwenye transfoma, kasha na sumaku za spika. Transfoma ya umeme wa hezi 50 inahitaji chuma kingi. Vifaa vipya huubadilisha umeme huo kuwa wa maelfu ya hezi, na hapo transfoma ndogo inatosha. Mwaka 2019 Fender walitoa Tone Master Twin Reverb yenye kilo 15, karibu nusu ya ile ya zamani, kwa kutumia mitambo ya kidijitali na spika nyepesi.

Je, ile nyepesi ni dhaifu? Kwenye mtikisiko wa barabara, hapana: haina valvu za kioo, na kasha lake linapokea pigo dogo linapowekwa chini. Tofauti inaonekana inapoharibika. Fundi redio mzuri anaweza kusuka upya transfoma iliyoungua au kubadilisha valvu. Bodi la kidijitali lenye vipande vidogo kama punje za mtama mara nyingi hubadilishwa zima, na bodi hilo huenda likaagizwa kutoka mbali.

Sumaku ndogo iliyopunguza mzigo wa spika

Spika ya gitaa ya inchi 12 yenye sumaku ya kawaida ina kilo 3.5 hadi 5. Yenye sumaku ya neodimiamu inaweza kuwa na kilo 2 hivi kwa sauti ileile. Sumaku hizo zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati mmoja nchini Japani na Marekani.

Zina masharti yake. Neodimiamu hupata kutu haraka, hivyo hupakwa nikeli, na aina za kawaida huanza kupoteza nguvu zikifika nyuzijoto 80 hivi. Sumaku za zamani za aloi ya alumini, nikeli na kobalti huvumilia joto kali mara kadhaa zaidi. Spika nyepesi inadumu ikipata hewa, isipofanyishwa kazi kupita kiwango chake, na isipoachwa na utando uliochubuka mahali penye unyevu.

Kwenye betri, chepesi ndicho kinachodumu

Hapa imani ya zamani inapinduka kabisa. Betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 7, ile inayotumika kwenye spika nyingi za mikutano, ina kilo 2 na ushei. Ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, yenye uwezo uleule, ina karibu nusu ya uzito huo au pungufu. Ya risasi ikitumiwa hadi kuisha kila mara huchoka baada ya mizunguko mia kadhaa ya kuchaji, ilhali ya lithiamu hiyo huweza kupita mizunguko 2,000. Kwa kwaya inayohubiri mnadani bila umeme, bei ya juu ya siku ya kwanza hurudi kwa miaka.

Nyuzi na breki za baiskeli

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza gitaa kwa kujitengenezea: dumu au debe, kipande cha mbao, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Waya huo hauchagui hali ya hewa, na Shinyanga, ambako baiskeli zimebeba abiria na mizigo kwa miongo mingi, haujawahi kuadimika.

Huko Marekani baiskeli ilisaidia pia. Katika miaka ya 1990 mhandisi wa kampuni ya Gore, Dave Myers, alikuwa akishughulikia waya za baiskeli zilizopakwa plastiki telezi. Akajaribu kupaka nyuzi za gitaa, na kutokana na jaribio hilo zikazaliwa nyuzi za Elixir. Utando huo hauongezi uzito wowote unaohisiwa na mkono, lakini huzuia jasho na vumbi kula chuma. Mpigaji anayetoa jasho sana jukwaani anajua thamani yake.

Ngoma iliyokaa ndani ya kreti ya soda

Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliujenga mtindo wa omutibo juu ya gitaa kavu. Mdundo wake mara nyingi ulitoka kwenye chupa ya Fanta iliyokwanguliwa na kugongwa kwa kipande cha chuma, kwa sababu chupa ile ilikuwa na matuta. Chupa ilipatikana kila duka, na ikivunjika ilibadilishwa saa ileile. Huo nao ni uimara: kifaa kinachopatikana popote unapokwenda hakihitaji kubebwa.

Uzito uwekwe unapofanya kazi

Pedali ndogo za Boss za kubadilisha sauti ya gitaa zilianza kuuzwa mwaka 1977, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Kila moja ina gramu 400 hivi, kwa sababu kasha lake ni la metali ya kumimina. Uzito huo una maana: pedali hukanyagwa kwa kiatu, na ingekuwa nyepesi mno ingeteleza jukwaani.

Maikrofoni ya Shure SM57, ya mwaka 1965, ina gramu 284 tu, lakini imewekwa mbele ya amplifaya na mbele ya marais wa Marekani kwa miongo mingi. Dada yake SM58 ya mwaka 1966 ina wavu wa chuma kichwani. Maikrofoni ikidondoka, wavu hubonyea na kulinda kilicho ndani, kisha unafunguliwa kwa mkono na kuwekwa mwingine. Wabunifu wake walikubali kwamba kitu kitaanguka, wakaamua mapema ni sehemu ipi itakayoumia.

Gitaa limefika anga za juu

Machi 1994 gitaa dogo la Martin Backpacker, lenye uzito wa karibu kilo 1, lilisafiri na chombo cha anga Columbia. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu nacho kina gitaa dogo la Larrivée lililopelekwa huko mwaka 2001. Ndilo mwanaanga Chris Hadfield wa Kanada alilolipiga kwenye video yake maarufu ya Mei 2013. Ni gitaa la mbao la kawaida, na limedumu kwa sababu linaishi mahali penye joto na unyevu unaodhibitiwa, na wanaolitumia wanalishika kwa uangalifu.

Bendi iliyobeba jina la mwenye vyombo

Orchestra Super Matimila, bendi aliyoing'arisha Remmy Ongala, ilipewa jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, ya mwaka 1978, baadaye ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa ghali kiasi kwamba mwenye navyo ndiye aliyekuwa na bendi. Mwanamuziki anayemiliki vyombo vyake anashika uhuru wake mwenyewe, na kuvitunza ni kuulinda uhuru huo.

Kabla ya kufunga safari

Kwa mpiga gitaa wa Kalangalala, na wa mahali pengine popote penye vumbi na safari ndefu, mambo haya yanafupishwa kwa maswali matatu kuhusu kila chombo: Kikianguka, ni sehemu gani itakayoumia kwanza? Sehemu hiyo inapatikana wapi? Nani hapa mjini anaweza kuitengeneza?

Ukiwa na majibu hayo, panga mzigo wako hivi:

- Begi liwe na sponji nene kwenye kichwa na kwenye kitako cha gitaa. Kichwa kisiguse mwisho wa begi.
- Legeza nyuzi kidogo kabla ya safari ndefu ili shingo isibebe mvuto wote gitaa linapopata pigo.
- Gitaa lisisafiri chini ya mzigo mwingine, wala lisiachwe ndani ya gari juani.
- Kaza skrubu za shingo, mkanda na plagi baada ya kila safari ya bodaboda. Mtikisiko huzilegeza.
- Beba seti moja ya nyuzi, waya wa akiba, bisibisi, na kitambaa cha kufutia vumbi na jasho.
- Ukinunua amplifaya au spika, mwonyeshe fundi wako kabla hujalipa. Chombo ambacho hawezi kukifungua kitakufia mkononi, kiwe na kilo 5 au kilo 30.